Swali la Saba

Chumba cha kompyuta kilikuwa stoo ya majembe.
Bado kinanuka udongo mkavu na mafuta ya taa.
Mashine kumi na mbili, zinazowaka saba,
tumeketi wawili wawili, kwingine watatu,
na Mwalimu Ndahani anasema:
kila mtu na namba yake, si jina,
hakuna atakayejua nani kajibu nini.

Somo la tatu. Katuni mbili zinatembea njiani,
mvulana na msichana, nyuso duara kama maandazi.
Chilewa anaigiza sauti ya mvulana:
"Uko wapi? Uko na nani? Mbona hujibu?"
Darasa zima hoi kwa kicheko.
Mimi nacheka kuliko wote.
Hayo ni maneno yangu. Ya Jumanne. Herufi kwa herufi.

La kwanza nabofya. La pili nabofya.
La tano linauliza kama wivu ni kipimo cha mapenzi.
Ndiyo, nikajibu, maana ndivyo asemavyo baba mdogo,
huku mkewe kajifunika kanga hadi viganjani
na jua la Oktoba linapasua bati.

La saba:
*Umewahi kumshika mwenzako mkono,
akasema niachie, usimwachie?*
Kamwe. Mara moja. Mara nyingi.
Nikapeleka mshale kwenye Kamwe.
Mtandao ukakata.

Kiduara kikaanza kuzunguka,
kinazunguka, kinazunguka,
na nje, uwanjani, kisulisuli kimeokota
karatasi na majani, nacho kinazunguka,
hakiendi popote.
Swali limeganda usoni pangu.

Nyuma ya tangi la maji. Nyemo. Ndoo yake ya njano.
Alisoma ujumbe wangu saa mbili kasorobo,
akajibu saa mbili na dakika ishirini.
Mimi ambaye hesabu hunishinda
hapo sikukosea hata dakika.
Nikamdaka kifundo cha mkono.
"Masinga, niachie," alisema polepole,
kama mtu anayesema na fahali
aliyekata kamba.
Ndoo ikapinduka. Maji, Mpunguzi, mwezi wa kumi!
Niliyasikitikia maji.

Baba hufunga mizabibu kwa mpira wa baiskeli uliochanwa.
Kila msimu lile lile: acha nafasi ya kidole,
mti unanenepa, fundo lako halinenepi.
Mwaka juzi nilikaza mmoja, wa pembeni,
karibu na ua wa miiba. Niliupenda ule.
Sikutaka uangushwe na upepo.
Ulikauka kuanzia kwenye fundo kwenda juu,
na wiki nzima majani yalibaki ya kijani,
nami nikipita najisifu.

Mtandao umerudi. Mshale upo pale pale.
Nikausogeza hadi Mara moja,
hata hapo, mtoto wa Mpunguzi, nilitaka nipunguziwe.
Lakini lipo la kwenye mahafali,
lipo la njia ya kisimani, nililoliita utani
kwa sababu yeye alicheka
au alitoa meno tu,
leo sijui.

Mara nyingi. Nikabofya.
Hakuna king'ora kilicholia.
Mashine ikasema tu: Endelea.

Nyemo yuko mashine ya dirishani, kanipa mgongo.
Shati la mikono mirefu.
Sijui swali lake linasemaje upande ule,
wala sistahili kuchungulia.
Nywila yake ameibadili.
Najua, kwa sababu leo alfajiri,
kwa simu ya mama, kabla hajaamka,
nilijaribu tena.

Hilo halijaulizwa popote.
Ila chini kabisa kuna kisanduku kitupu:
*Ungependa kuongeza lolote?*
Kengele inagongwa. Chilewa ananivuta kola, twende.
Tangulia, namwambia.
Nyayo zao zinapungua kwenye changarawe.
Naandika kwa kidole kimoja,
natafuta herufi moja moja.